Baba Alichoma Ngozi, Akabaki na Kiti cha Mbele

Wenzangu mliokulia Mwankoko kabla nguzo za umeme hazijatufikia, mtanielewa nikisema utoto wetu ulinuka mashudu. Ukipita kwenye mashine ya kukamua alizeti unanyoosha mkono, unapewa kipande cha moto, unakitafuna njia nzima huku mafuta yanakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Mashudu, chakula cha ng'ombe! Na tulishiba. Upepo wetu mnaujua, ule wa kiangazi unaojaza macho mchanga. Tulicheza rede humohumo, mpira wa soksi kuukuu ukirushwa unapeperuka, aliyelenga anagombana na upepo badala ya kugombana na mwenzake. Tulipanda yale mawe makubwa tukateleza kwa matako mpaka gauni la shule linatoboka, jioni fimbo. Watoto wa leo ukiwaambia tulikuwa tunachezea jiwe, wanakuuliza lilikuwa linachajiwa wapi.

Jumapili tulipakwa mafuta mpaka magotini, hayohayo ya alizeti, tunang'aa kama vitumbua, na tukifika kanisani vumbi la njia nzima limetuganda. Nilichokipenda kuliko vyote ni mnada wa baada ya ibada. Asiye na hela alileta sadaka ya kuku, mayai, boga, debe la mtama, na baba yangu ndiye aliyenadi. Alikuwa mzee wa kanisa, na kiti chake kilikuwa mbele kabisa, upande wa kulia, hakikaliwi na mtu hata akiwa safarini. Anamnyanyua jogoo juu: "Huyu tangu asubuhi kawika mara moja tu, ana adabu kuliko waume zenu!" Kanisa zima linacheka. Mimi kifua mbele. Nilidhani Mungu akishuka Singida ataanza kwa kumuulizia baba.

Nyumbani tulifundishwa kutii kabla hatujafundishwa kuvaa viatu. Baba akikuita, unaitika ukiwa tayari umesimama mbele yake. Mama naye vilevile. "Mtiini baba yenu," alituambia, "mbona na mimi namtii?" Sikuwahi kumsikia akimjibu.

Kabla ya mdogo wangu Elisha, mama alizika watoto wawili. Kwa hiyo Elisha alipozaliwa, bibi, mama mzaa baba, aliyekuwa anaishi nasi, alichinja kondoo, akakata ukanda mwembamba wa ngozi yake, akamvisha mtoto mkononi. Kwetu ndivyo alivyolindwa mtoto aliyezaliwa nyuma ya makaburi. Ngozi ilikauka ikawa ngumu, na meno yalipokuwa yanamwota Elisha aliitafuna hiyohiyo. Baba aliiona kila siku. Hakusema neno. Akiwa na furaha alimshika mtoto kwa mkono uleule akamrusha juu.

Halafu mwaka mmoja, baada ya mavuno, mwinjilisti wetu akahubiri juu ya sanamu. Alisema Mungu ana wivu, kila mtu alete anachokificha nyumbani, Jumapili inayofuata kitachomwa. Hapo sina ugomvi naye, tuelewane. Sanamu ni sanamu, na Mungu hagawani mtoto na kipande cha ngozi. Jumapili hiyo watu walileta hirizi, vibuyu, mikia ya ng'ombe, vitu ambavyo sikujua kama majirani zetu walikuwa navyo. Baba alinyanyuka kwenye kiti chake, akaja mpaka kwenye mabenchi ya wanawake, akamchukua Elisha mikononi mwa mama, akatoa wembe mfukoni, akaikata ile ngozi mbele ya watu. Akainyanyua juu vilevile anavyomnyanyua jogoo wa mnada. "Nyumba yangu imeachana na sanamu!" Vigelegele, na ngozi ikaenda kuchomwa nje pamoja na vile vibuyu. Bibi alitoka nje akaenda kukaa ukutani peke yake. Mama aliinama, nikamsikia akisema polepole, "Haya, Bwana. Sasa huyu ni wako peke yako." Hakuwa anamwambia baba.

Masika yalipofika Elisha akaugua. Alianza na homa, akatapika, kisha shingo ikakakamaa akawa hawezi kuinamisha kichwa. Mama alimwita baba kwa jina langu, "Baba Yunisi, tumpeleke hospitali."

"Tukimpeleka watasema nini?" baba akamjibu. "Mama yangu atasema ni ile ngozi. Wapagani watatucheka. Huyu mtoto ni ushuhuda, ataombewa hapahapa."

Wazee wenzake wakaja, wakajaa chumbani. Ndani wanamkemea shetani kwa sauti, nje bibi anazunguka nyumba akinung'unika kuhusu kondoo mwingine, na katikati mtoto amekauka midomo, macho yamegeuka juu. Sote tulijua kinachokuja. Tulikuwa tumeshaona makaburi mawili. Bibi alimvizia mama alipotoka kuchota maji. "Nipe mkono wake tu, mwanangu. Nitamfunga kidogo, baba yake hataona."

"Hapana, mama. Nilishampa Mungu. Sifungi tena kitu."

Akarudi ndani, akachukua khanga, akamfunga Elisha mgongoni mbele ya wazee walewale waliokuwa wamefumba macho. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Ukitoka hapa umenivunjia jina."

"Jina lako litapona," mama akasema. "Huyu sina hakika."

Akainama akapita chini ya mkono wake. Ilikuwa mchana, jua kali. Jirani yetu Baba Hadija, Mwislamu wa watu, alikuwa anatoka shambani na baiskeli yake. Aliona ile shingo, akamwaga kuni zake palepale njiani. "Panda, Mama Yunisi. Mengine tutamwambia Mungu tukishafika mjini." Niliwakimbilia nyuma mpaka barabara kubwa.

Elisha hakufa. Daktari alimwambia mama ni homa ya uti wa mgongo, angengoja jioni angeleta maiti. Lakini masikio yalikwenda. Siku aliporudi nilimwita uani, nikagonga sufuria nyuma yake, nikagonga tena kwa nguvu zangu zote. Alikuwa anatazama kuku.

Sasa mnadhani baba alipiga magoti? Baba alimshtaki mama kwenye baraza la wazee. Amekosa utii kwa mume, amekosa imani kwa Mungu. Wakamtenga. Mliokulia kanisani mnajua maana yake: hushiriki meza ya Bwana, unakaa benchi la mwisho karibu na mlango, mpaka uitwe mbele utubu, watu wote wanakutazama kisogo. Mama alikaa huko, Elisha mapajani. Kwaya ikianza alimpigapiga mgongoni kwa mapigo ya wimbo, naye mtoto anacheka, anadhani mama yake amebuni mchezo.

Siku ya kumrudisha kundini aliitwa, akapiga magoti. Mwinjilisti akauliza, "Unatubu?"

"Namshukuru Mungu kwa mtoto," mama akasema.

"Nimekuuliza, unatubu?"

"Namshukuru Mungu kwa mtoto."

Baba amekaa kwenye kiti chake, shingo imesimama kama mti. Nyuma kule mwanamke mmoja mzee akasema kwa sauti, "Amina! Mwacheni akae, magoti yanauma!" Mwinjilisti hakujua afanye nini. Akaomba haraka haraka, yakaisha.

Mpaka leo damu inanichemka. Baba alichoma ngozi ya mkono mmoja, akarudi kukalia kile kiti. Sanamu yake ilikuwa jina lake, na hiyo alikuwa tayari kuitolea mtoto. Mtu pekee aliyeacha sanamu siku ile ni mama, maana yeye aliachia kitu alichokiamini kweli, akabaki na Mungu mtupu, bila kamba ya kujishikilia. Na Mungu akamtoa Elisha mdomoni mwa kaburi bila kondoo, bila ushuhuda wa mtu, kwa baiskeli ya Mwislamu. Wao wakamwita yeye muasi.

Na msinione nawasema wazee tu. Sisi tuliotafuna mashudu pamoja, ambao leo tuna watoto, tumefanya nini? Nikiingia nyumba za wenzangu naona stika za upako mlangoni, chupa ya maji ya upako juu ya friji, mafuta ya upako kwenye begi la shule la mtoto. Binti yangu alipopata homa mwezi uliopita, mwenzangu mmoja niliyesoma naye sekondari alinijia na chupa. Nikamwambia, "Shoga, hiyo ngozi ya kondoo umeiyeyusha lini?" Amenuna mpaka leo. Anune. Mimi nilimpeleka mwanangu hospitali, na njia nzima niliomba. Vyote viwili. Mungu hajawahi kuniambia nichague.

Basi mwaka jana baba alipooza upande mmoja. Alianguka uani, na alipoweza kunyanyua kidole kimoja, mnajua alionyesha wapi? Barabarani. Hospitali! Hakuomba wazee, hakuomba ushuhuda. Mama akaita bajaji, Elisha, ambaye sasa ni kijana mrefu kuliko wote nyumbani, akambeba baba mikononi kama mtoto. Niliposikia nilikwenda pale nikiwa moto. Nikamwambia mama, "Mngemwacha. Mngemwita mwinjilisti aje amkemee shetani."

Mama alikuwa anamfua baba shuka. Hakuinua kichwa. "Yunisi, mimi nilipewa mtoto wangu bure. Unataka nimuuzie nani? Anika hii."

Nikaanika. Nilikuwa nalia kwa hasira, upepo unanipiga shuka bichi usoni. Neema naielewa, jamani, msinifundishe. Inaniudhi tu inapokwenda kwa mtu niliyemtakia fimbo.

Juzi mama alikwenda sokoni, Elisha yuko mabandani na kuku wake, nikabaki mimi na baba. Kiti chake kanisani anakaa mzee mwingine, wala hakuna anayeshangaa. Enzi zetu baba alikula kwanza. Sisi tulikaa chini kimya, tunatazama tonge linavyokwenda, tunahesabu nyama zilizobaki kwa macho, na hakuna aliyenyoosha mkono mpaka aseme haya. Watoto wangu mimi wanaanza kula sijakaa, wananidai na soda, na nikiwakumbuka wale watoto waliokaa kimya pale chini nashindwa kujua niwaonee huruma au niwatamani. Sasa ni yeye anayengoja. Amekaa na mdomo umepinda, ameufungua nusu, ananitazama mimi mkononi. Hawezi kusema haya.

Sijamsamehe. Lakini uji ulikuwa wa moto, nikaupuliza kwanza.