Maundu Alichonga Samaki Bila Kuona Tumbo

Jua la Wamunyu ndio linatoka tu, na Urbanus Maundu ashaketi kwa kigogo chake, amebana samaki wa mbao katikati ya magoti. Anampiga msasa. Samaki huyu hana mnunuzi, lakini bado anampiga msasa.

“Mkono haujui kukaa bure,” anasema.

Samaki mwenyewe ni maajabu. Mbele ni bapa kama taa, yule samaki mpana wa baharini, kichwa na mapezi yameshikana yakawa kitu kimoja. Nyuma ni papa kabisa, mkia mnene, mapezi mawili yamesimama mgongoni. Ukimtazama kutoka juu unaona gitaa, na ndiyo maana anaitwa samaki gitaa.

Maundu ako na miaka hamsini na mbili na baharini hajawahi kufika. Tangu atoke shule anachonga twiga na vifaru. Mwaka jana mwalimu mmoja wa Kilifi akamtumia picha kwa simu. Anataka samaki mkubwa wa kufundishia watoto, na akimpenda, ataagiza ukoo mzima wa samaki hao.

Mbao ya ukubwa huo ilikuwa moja tu. Marehemu mama yake alimwachia mti wa muhugu shambani, akamwambia asiukate mpaka apate kazi ya maana. Maundu akaona ndiyo hii. Akakata.

Kumbe picha ilipigwa kutoka juu, matamvua ya kupumulia hayaonekani. “Nikasema, si huyu ni papa amekanyagwa tu? Papa anapumulia ubavuni. Nikamtia mistari mitano kila upande, nikaingiza kisu ndani kabisa.”

Mwalimu alipokuja kuchukua, akapapasa ubavu, akamgeuza aone tumbo. Matamvua ya samaki gitaa yako chini, tumboni, nyuma ya mdomo. Hapo ndipo unajua ni wa jamii ya taa, hata akivaa mkia wa papa.

“Mzee, kazi ni safi,” akamwambia. “Lakini watoto wataniambia ni papa. Siwezi fundishia huyu.”

Munyao, mchongaji wa kibanda cha pili, bado anamchokoza. “Mwekee nyuzi basi, umpeleke kwaya.”

Syombua, mke wa Maundu, hachekeshwi. “Ng’ombe walikuwa wanalala kwa kivuli cha ule mti, baba Mwendwa. Na simu ya kuuliza ulikuwa nayo mfukoni.”

Maundu anamwinamia samaki. Anapuliza vumbi.

Agosti anapanga kwenda Kilifi kwa wavuvi. “Wanipee mmoja mkononi nimgeuze, nimpapase tumbo mpaka vidole vijue. Halafu nitamwomba mwalimu anijaribu tena. Muhugu nitanunua.”

Anasimamisha msasa.

“Ule wa mama ndio siwezi nunua.”