Mbwa Aliyefundishwa Kuchukia Jirani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile baba yangu alipotangaza mbele yetu sote kwamba mbwa wetu atauawa kabla ya mvua ya kwanza. Nilikuwa msichana wa sekondari, hapa hapa Kampemba, na mbwa huyo nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, Mungu anisamehe. Nakusimulia leo kwa sababu jana nimeona ulichofanya nyuma ya nyumba. Kambwa kako kadogo umeshakafunga mnyororo, unakapa pilipili ili kawe kakali, na getini umeandika "Attention chien méchant", yaani hadhari, mbwa mkali. Chien méchant gani, na bado kanalamba vidole vyako? Keti hapa unisikilize.

Baba alikuwa na ugomvi na jirani zetu. Maji ya mvua yalitoka uani kwetu yakaingia jikoni kwao. Wakasema, baba akajibu, na maneno yakawa mengi kuliko maji. Alipoleta mbwa, akamwita Batajua. Unajua sisi tunavyowapa mbwa majina: anayeitwa ni mbwa, anayeambiwa ni jirani. Kila jioni baba alisimama uani akapaza sauti, "Batajua! Batajua!" na upande wa pili wa ukuta hakuna aliyeuliza ni nani hao watakaojua. Akamfunga mnyororo pale pale ukutani. Jirani akikohoa, mbwa akabweka, baba alimtupia kipande cha nyama.

Mbwa akakua hivyo, hajui barabara, hajui wageni, anajua ukuta tu. Siku moja mnyororo ukakatika. Bea, binti mdogo wa jirani, alikuwa anapita na ndoo ya maji, na Batajua akamshika mguu. Mtoto alipelekwa hospitali akachomwa sindano nyingi, na kovu lile analo hadi leo. Mtaa mzima ulikuja kwetu. Ndipo baba, kwa aibu, akatoa hukumu yake.

Nkambo wangu, mama yake baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kasomeno. Aliwaacha watu waondoke kwanza, maana mtu hamkaripii mwanawe mbele ya wageni. Kisha akamwambia:

"Huyu mbwa haiko mujinga. Ulimufundisha kuchukia bantu ba pale, akasikia muzuri. Sasa unataka kumuua juu ya nini? Juu alijifunza?"

Nkambo akanigeukia mimi.

"Na wewe unasema unamupenda. Kupenda ni kumupa bukari tu, ashibe ugali? Mufundishe! Na lile jina sitaki kulisikia tena."

"Mpaka mvua ya kwanza," alisema baba, akaingia ndani.

Mwanangu, nilijifunga kibwebwe. Nilimwita mbwa Kafe, yaani kahawa, kwa rangi ya manyoya yake, na kila alipogeuka kwa jina hilo nilimpa kipande cha samaki mkavu wa Pweto. Baba aliendelea kumwita Batajua, nami sikubishana. Asubuhi nilimtoa kwa kamba fupi, tukasimama mbali na barabara, mahali ambapo angewaona watu bila kuwafikia. Mtu akipita naye akatulia, anapata samaki. Akianza kuunguruma, tunarudi nyuma kidogo mpaka moyo wake ushuke. Nkambo alinikataza kabisa kumpiga kwa kuunguruma. Alisema kuunguruma ni onyo lake. Ukimfundisha kuficha onyo, siku nyingine atauma bila kukuambia. Hilo ulishike, maana vijana wa siku hizi mikono yenu ina haraka.

Sikuambii kwamba ilikuwa rahisi. Kuna siku pikipiki ilipita karibu, Kafe akaruka, nikaburutwa mpaka mtaroni, magoti yakachunika mbele ya wauza makala, yale makaa ya kupikia. Wao walicheka hadi machozi. Mimi yangu yalikuwa ya hasira. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake tulisimama tena, mbali zaidi, tukaanza upya. Taratibu akazoea pikipiki, akazoea watoto wa shule na akina mama wenye mabeseni kichwani. Watu wa nyumba ya jirani tu ndio walimshinda. Akisikia sauti zao, nywele za mgongo zinasimama, na kazi yangu yote inamwagika.

Hapo nikaelewa kwamba peke yangu sitaweza. Nikaenda kwa Mama Bea. Nilimkuta anapepea mbabula yake ili makala yashike moto, nikapiga magoti.

"Mama, pardon. Mbwa alishazoea bantu yote, munabakia ninyi tu. Nisaidie umutupie samaki, utasimama mbali."

"Mbwa yenu iliuma mutoto wangu, sasa unataka mimi njo nimulishe?" Akaacha kupepea. "Na baba yako eko wapi? Mutoto anaomba pardon, mukubwa analala?"

Alisema kweli. Nilirudi nyumbani mawingu yakiwa yamekwisha kukusanyika, hofu imenijaa. Baba alikuwa kitini, na Nkambo anachambua maharage. Kwetu mtoto hamfundishi baba yake, nawe unajua hivyo. Hata hivyo nilisema:

"Baba, mbwa alishajifunza. Tunabakia siye."

Nilingoja kofi. Nkambo hakuinua macho, ila mikono yake ilisimama juu ya maharage. Baba akavaa viatu.

Alikwenda mpaka geti la jirani, akaomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe, kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya maji. Halafu akageukia upande nilikosimama na mbwa. Kwa sauti ile ile ya kila jioni, mtaa mzima ukisikia, akaita, "Kafe! Kuya hapa, Kafe!" Mama Bea alifuta macho, akasingizia moshi.

Tangu siku ile wao wenyewe walimtupia samaki, kwanza kutoka mbali, kisha karibu, kisha kutoka mkononi. Bea hatukumlazimisha. Alikuja siku aliyotaka yeye, amemshika mama yake kitenge, akanyoosha kiganja. Kafe alinusa, akachukua samaki kwa ncha ya ulimi, akajilaza chini mbele ya miguu ya mtoto. Nililia, sikuona haya. Mvua ya kwanza ilinyesha siku chache baadaye, na hukumu haikutajwa tena nyumbani mwetu.

Basi, mwanangu, samaki mkunje angali mbichi. Kafungue kale kambwa leo, si kesho, na pilipili urudishe jikoni. Kapeleke kakapate chanjo, kisha ukatoe barabarani kila siku, kaone watu wa kila namna kangali na moyo laini. Kakikosea, anza tena. Kakikosea tena, anza tena, wala usiinue mkono. Mbwa aliyezoea watu anamtambua mwizi, lakini mbwa asiyejua watu humwona kila mtu mwizi, hata mtoto mwenye ndoo. Zaidi ya yote, ukiwa na neno na jirani yako, vaa viatu ukamwambie mwenyewe. Usimpe mnyama ugomvi wako aubebe, maana atakayeumwa ni mtoto, na atakayeuawa ni mbwa, na wewe mwenye ugomvi utabaki mzima.

Mungu akupe subira isiyoisha na moyo usiokata tamaa. Akulinde wewe na nyumba yako, na wote watakaobisha hodi getini kwako waingie bila hofu. Amina.