Isale la Mlango wa Nyuma

Katika familia ya Anaeli, mwenye duka wa Sekei, zimebaki karatasi tatu za wakati wa Mjerumani. Ya kwanza ni cheti chake cha ubatizo cha mwaka 1908. Ya pili ni ya Kijerumani, ina muhuri, nayo inasema kwamba mwaka 1911 mwenye duka huyo alichapwa viboko kumi na vitano sokoni kwa kuwapunja wateja. Ya tatu ni kurasa nne alizoandika binti yake Hanna kutoka kinywani mwa mama yake, Tabea. Wapo wajukuu waliowahi kushauri ile ya pili ichomwe. Haikuchomwa, wala haikustahili kuchomwa.

Duka lilikuwa chumba kimoja cha miti na udongo, kando ya njia ya kuteremkia sokoni. Humo Anaeli aliuza kaniki, shanga, sindano, magadi, na zaidi ya vyote chumvi. Chumvi aliipima kwa kibaba cha mti alichokichonga mwenyewe, akikijaza mpaka kifanye kilima juu, na kilima kile hakukigusa. Ng'ambo ya njia alikuwapo Gidion, mwenye duka kama yeye na Mkristo kama yeye, ambaye kibaba chake alikifuta juu kwa kijiti kikawa sawasawa. Wanawake waliobeba ndizi waliona tofauti hiyo bila kuelezwa. Ikafika siku wakawa wanapita mlangoni kwa Gidion bila hata kugeuza shingo.

Ndipo alipopita afisa mmoja wa Kijerumani akikagua masoko, na Gidion akamwendea na kumwambia kwamba Anaeli amepaka nta ndani ya kibaba ili kipokee chumvi pungufu. Afisa hakuingiza kidole kutazama. Alikivunja kile kibaba kwa kiatu, akatoa amri, na Anaeli akalazwa kifudifudi sokoni, akachapwa mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwauzia. Tabea alimsimulia Hanna kwamba mgongo ulipona ndani ya mwezi. Kilichomtesa mumewe ni kwamba siku aliyofungua duka tena, mama mmoja aliingia akiwa na kibaba chake mwenyewe chini ya khanga. Alikiweka mezani, na Anaeli akampimia kwa hicho hicho huku masikio yakimwaka.

Miezi ikapita, Pasaka ikakaribia. Kanisani ilijulikana kwamba mwenye ugomvi na nduguye hakaribishwi kwenye Meza ya Bwana mpaka wapatane. Gidion alitaka kukaribia meza. Jioni moja, giza likianza kuingia, alipita migombani akatokea mlango wa nyuma wa Anaeli, akiongozana na Mzee Sakaya, baba mdogo wa Anaeli. Mkononi alishika jani la isale.

Isale ni lile jani refu linalopandwa mipakani. Kwa Wameru, aliyekukosea akikuletea isale amekufunga mikono: humkatalii, hata kama kosa lake ni damu. Gidion alijua hivyo, na ndiyo maana alikuja akiwa na uso mtulivu kupita kiasi.

"Ndugu yangu Anaeli," alisema, "nilikosea. Pokea, yaishe."

Anaeli akauliza alikosea nini. Gidion akamtazama mzee, mzee akatazama chini. Gidion akasema si mambo ya kurudiarudia.

"Ulinisemea wapi?" Anaeli akauliza.

"Sokoni."

"Mchana au jioni?"

"Anaeli, usinifanye mtoto."

"Basi jani lako nalipokea, mwanaukoo sikatai isale. Lakini jibu langu utalipata sokoni, mchana, ukishataja ulichosema. Hapa nyuma ya jiko hukunikosea kitu."

Akalichomeka lile isale kwenye udongo wa ukuta, mbele, juu ya mlango wa duka, ambapo kila mteja angeliona.

Mzee Sakaya alikasirika. Alimwambia kwamba anaidhalilisha mila, na kwamba akifa na isale lisilojibiwa mlangoni mwake, ukoo hautamzika. Wazee wengine wakaja wakasema hayo hayo. Tabea, aliyekuwa mjamzito wa Hanna, alimwomba akubali kwa ajili ya mtoto. Anaeli alimjibu kwa upole kwamba ni kwa ajili ya mtoto hakubali. Hapo alikuwa na haki, tuseme wazi. Anayekuchafua mbele ya watu mia kisha akakuomba radhi mbele ya mmoja hajatubu. Anatafuta tu usingizi wake. Na wazee wanaomsaidia wanaita hilo amani.

Wateja waliuliza lile jani ni la nini. Anaeli aliwajibu wote, bila kuongeza chumvi: Gidion amelileta, nangoja aseme la nini. Kufikia Ijumaa Kuu habari ilikuwa imefika mpaka ng'ambo ya mto Themi, na Gidion hakukaribia meza.

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka alikuja sokoni, ambako Anaeli alikuwa amepeleka gunia la chumvi kuuza. Kulikuwa na askari wa serikali pale, mtu wa mbali asiyejua Kimeru, na Gidion alikuwa akimtupia macho, kwa maana alijua kinachomngoja mtu aliyemdanganya afisa. Hata hivyo alisimama katikati ya wauza ndizi akasema kwa Kimeru, kwa sauti iliyosikika: "Kibaba cha Anaeli hakikuwa na nta. Nilisema uongo, kwa wivu."

Yule askari akamsogelea Anaeli, akauliza kwa Kiswahili huyu anasema nini.

Neno moja tu la Anaeli lingetosha: Gidion angelazwa pale pale alipolazwa yeye, na ile karatasi yenye muhuri ingesahihishwa. Gidion alijua.

"Mambo ya ukoo," Anaeli akajibu. "Hayawahusu."

Askari akaenda zake.

Anaeli akamgeukia Gidion, akamwambia kwa Kimeru, mbele ya wote, kwamba amemsamehe. Kisha akamwambia aache kutetemeka, ashike upande wa pili wa gunia la chumvi, watu wanangoja kupimiwa.