Moli ya Maji Mdomoni Mwangu

Nyie wajukuu wa mjini, mmenitupa? Hata shikamoo hamtumi! Haya, leo mmekosa mambo.

Mwenzenu Kabula kakaa mkekani analia. Anataka kuacha kemia, na uuguzi anautaka.

"Kinachokuliza nini?"

"Moli, bibi. Siielewi."

Alivyonieleza ni kipimo, nikamwambia mbona rahisi, ni kama kisado! Dengu au choroko, unajaza kilekile.

Akanicheka na machozi yake.

"Wewe bibi! Moli ni idadi ya chembe, siyo ujazo. Idadi ni ileile, uzito ndio tofauti. Moli ya dhahabu ni karibu gramu mia mbili. Ya maji ni funda moja tu."

"Yaani funda moja lina chembe sawa na donge lote hilo la dhahabu?"

"Sawasawa!"

Kisha akashika mdomo. Kumbe ameshaelewa! Kemia haachi tena.

Mimi nikachota maji mtungini, nikapiga funda.

Jamani, nilishindwa kumeza. Watu wanashuka mashimoni kutafuta chembe za dhahabu, na zangu za maji, idadi ileile, zimetulia ulimini, za baridi.

Nyie mngemeza?

Mkija, maji yangu mnywe polepole.