Matambara ya Mama Asenath

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. La, nadanganya. Ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mtaa mzima wa Kware hapa Nairobi ukilia vipaza sauti. Haya ni ya mwaka uliofuata, Julai ile jua lilipojificha mpaka nguo zikavunda kambani.

Kweyu alikuwa mpole, mfanyakazi wa kiwanda cha misumari. Mama mkwe wake, Asenath, alikuja kutoka Kimilili kutibiwa miguu. Sasa kwao, mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawatazamani usoni, wala hawalali nyumba moja. Na Kweyu ana chumba kimoja. Bahati nzuri jirani yao Wabwire alikuwa amekwenda mazishini akawaachia ufunguo. Ploti, yaani jengo zima la vyumba vya kupanga, ina paa moja, kweli, lakini wakakubaliana kwamba ukuta ni ukuta. Mama akalala kwa Wabwire, na Marion, binti mdogo wa Kweyu, akamfuata kukhu wake, yaani bibi yake.

Mama aliogopa baridi. Makaa yaliwashwa kwenye korido, yakikolea jiko linaingizwa ndani, mlango unafungwa. Hata zile tundu za hewa juu ya dirisha la upande wa korido alizisokomeza matambara. Marion, mwenye kifua tangu azaliwe, akaanza kukoroma kama paka. Walipompeleka zahanati, nesi akawaonya: makaa mekundu hayana moshi, lakini hewa yake inaua. Mvisheni mtoto sweta mbili, dirisha liwe wazi.

"Mwambie mamako," Kweyu alimwambia mkewe, Nerima.

"Nimemwambia. Anauliza moshi uko wapi. Anasema amelea watoto tisa kando ya moto."

"Jikoni kwao ni nyasi, Nerima! Nyasi zinapumua. Hii ni simiti!"

"Basi ingia umwambie wewe."

"Unajua siwezi."

"Basi."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Kweyu alisimama kwenye korido akayasukuma matambara yale kwa mti wa ufagio. Akirudi jioni anakuta yamerudishwa, tena yameshindiliwa, na moja ni soksi yake mwenyewe.

"Nerima!" sauti ya mama ilivuka ukuta. "Mwambie bwana yako huku hakuna panya wa kuchokora!"

"Nerima," Kweyu naye akapaza sauti, "mwambie mama hata panya anataka pumzi!"

Mama akacheka sana. Akaziba tena.

Jumapili moja mchana, Nerima akiwa soko la Muthurwa kununua mboga, Kweyu alimsikia Marion akikohoa ng'ambo ya ukuta. Kisha kikohozi kikakatika. Kwanza alifurahi. Halafu akakumbuka onyo la nesi, ile furaha ikageuka hofu.

Alitoka, akasimama kando ya mlango, uso ameuelekeza ngazini kama adabu inavyotaka. "Mama! Mama, mko salama?" Kimya. Akatafuta mwanamke wa kumtuma ndani; wote walikuwa kanisani. Akashika kitasa. Alimkasirikia mama, akaikasirikia mila, akamkasirikia aliyejenga vyumba kama makasha, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe kwa kusimama pale.

Akaingia.

Joto lilikuwa zito. Marion alikuwa amelegea kitandani, ametapika. Mama alikuwa sakafuni, leso imemtoka kichwani. Kweyu akamtoa mtoto hadi kwenye korido, akarudi, akamshika mkwe wake kwapani, jambo ambalo hata kulitaja ni haya, akamburuta nje. Halafu akalitoa jiko, akafungua dirisha mpaka mwisho.

Marion akalia. Mama akafumbua macho, akaona mikono ya nani imemshika, akajifunika uso.

"Sema si wewe," akanong'ona. "Mwanangu, sema si wewe."

Hospitali iliwatibu wote wawili, wakapona. Mama akapanda basi la Kimilili bila kumuaga Kweyu.

Wazee wa kwao wanaoishi Nairobi walimwita kikaoni, mtaa wa Makadara. Wakamwambia atoe blanketi la kuondoa aibu ya kumgusa mkwe, kisha wakabishana mchana kutwa liwe la rangi gani. Kweyu hakupinga lolote. Aliwauliza jambo moja tu:

"Blanketi nitatoa, wazee wangu. Lakini mwanamke wa kumtuma hakuwapo, na mtoto alikuwa amenyamaza. Ni nani aliyepaswa kuingia?"