Sijambo, Bwana Daktari

Daktari Mdachi wa hospitali yetu ya Dodoma, enzi za Wajerumani, alijivunia Kiswahili chake kuliko visu vyake. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda, ndevu zimechanwa, karani nyuma yake na kitabu, mimi nyuma ya karani na beseni la bendeji. Nilikuwa msimamizi wa wauguzi, cheo kikubwa cha kubeba beseni.

"Hujambo?" aliuliza daktari.

"Sijambo, bwana."

Karani, mtu wa pwani aliyedhani kalamu yake imeshushwa na malaika, aliandika: amepona. Siku hiyohiyo mgonjwa alirudishwa kazini relini.

Ni nani katika nchi hii ambaye akisalimiwa na mkubwa huanza kwa kulia shida? Unajibu sijambo, unakaa, mnaulizana habari za nyumbani, ndipo taratibu unasema mtoto amefariki na ng'ombe wameibwa. Daktari hakuwahi kuingoja hiyo taratibu. Karani alilijua jambo hili vizuri kabisa, maana hata yeye akitetemeka kwa homa alijibu sijambo. Lakini amsahihishe Mdachi? Thubutu!

Basi akaletwa Mgogo mmoja, mtu mzima, aliyeangukiwa na chuma cha reli mguuni karibu na Gulwe. Kidonda kilipoanza kunuka nilimwinamia kabla daktari hajafika.

"Mzee, leo akikuuliza sema unaumwa. Usiseme sijambo."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Mwanangu, mtu amekuja kunisalimu, nimjibu matusi?"

Akajibu sijambo. Nikasema, "Bwana, mguu unaoza." Daktari akanigeukia, uso mwekundu: mgonjwa amesema mwenyewe, wewe nani? Nikanyamaza, karani akaandika: amepona. Najidharau mpaka leo kwa kimya kile. Ningeweza kufungua bendeji palepale, harufu ikamjibu.

Hazikupita siku nyingi akarudishwa kwa machela, mguu mweusi hadi pajani. Alikufa kabla ya adhuhuri, tukamzika nyuma ya hospitali. Nilimwomba karani arekebishe kitabu. Akasema ukurasa ule umekwisha kutiwa sahihi, na sahihi ya Mdachi haifutwi kwa ajili ya maiti.

Kuanzia siku ile niliwaamuru wauguzi wangu: fungua bendeji kwanza, nusa, gusa paji la uso, ndipo umsalimie mgonjwa. Wagonjwa walisema sikulelewa. Wauguzi walinuna. Daktari alipoona watu wanapona kweli, aliwaeleza wageni wake kwamba utaratibu ule aliubuni yeye. Sikushangaa.

Kisha akaja mke wa yule Mgogo, kwa miguu kutoka upande wa Msalato, miguu imejaa vumbi, kibuyu cha maziwa mkononi. Alisema anamtafuta mumewe. Karani akafungua kitabu, akateremsha kidole polepole, akafurahi kuliona jina.

"Huyu amepona, mama."

Mama yule akapiga magoti, akashukuru. Alimshukuru karani, akanishukuru mimi, akamshukuru hata daktari ambaye hakuwepo. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi.

"Basi mwiteni," akasema. "Mwambieni nimemletea maziwa."

Karani akaanza kuchonga kalamu iliyokwisha kuchongwa. Nikamshika mama mkono, nikamzungusha nyuma ya hospitali, nikamwonyesha udongo.