Kipande cha Nyama ya Kaakaa

Nilikuwa nikifundisha darasa la kwanza Manzese fizi zangu za chini zilipoanza kushuka. Meno mawili ya mbele yalirefuka mpaka mizizi ikaonekana, ya manjano, na maji ya baridi yakawa adhabu.

Daktari wa fizi alikuwa binti mdogo kwangu, mpole. Akaniambia, "Mwalimu, fizi ikishuka hairudi yenyewe. Naweza kukata nyama kwenye kaakaa lako nikaishone hapa mbele, lakini kaakaa lako ni jembamba, naogopa. Nakushauri kipande hiki cha kiwandani. Ni kama kitambaa, nyama yako itaota humo humo."

"Kimetengenezwa na nini?"

"Ngozi ya nguruwe. Imesafishwa sana. Waislamu wengine wanakubali, wengine wanakataa. Siwezi kukuficha."

Nilirudi Kimara, nikamweleza mama, ambaye naishi naye. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Kinywa hicho unachosomea Yasini, mwanangu?"

Shehe wa msikitini kwetu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema dharura ina ruhusa yake, nifanye kile roho yangu inachoridhia. Niseme kweli: roho yangu iliridhia. Niliyemwogopa ni mama. Nikamwambia daktari akate kaakaa.

Siku ya tano baada ya kushonwa, ulimi wangu ulikuta kitu kinalegea. Kwenye kioo kile kipande kilikuwa cheupe, kama nyama iliyolowekwa majini, na kinanuka. Daktari alikitoa kwa kibano bila kutumia nguvu yoyote.

"Hakikushika, mwalimu. Pole."

"Basi niwekee kile kingine."

Akatikisa kichwa. Mfupa ulikuwa umeshaliwa na uambukizo, alisema, hapakuwa na cha kukishikilia. Miezi michache baadaye meno yote mawili yaling'olewa, na ya bandia niliyopewa yanacheza kila nikifungua mdomo.

Niliporudi darasani niliandika ubaoni *sa, se, si, so, su*, nikasoma. Watoto wakaitikia kwa pamoja: "Tha, the, thi, tho, thu." Nikarudia, nao wakarudia vilevile. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningewakemea, yangekwisha. Walikuwa wananifuata kwa utiifu, kama nilivyowazoesha.

Mwalimu mkuu alinihamishia stoo ya vitabu. Alisema ni kwa muda. Ni mwaka wa pili sasa, nagawa vitabu na kupokea vitabu, na siku nyingine inafika saa nane sijamsemesha mtu.

Mama ananisagia chakula bila kuombwa. Hajawahi kuniuliza kwa nini sikuchagua kile cha kiwandani. Anadhani nilikataa kwa imani, na huwasimulia majirani hivyo, kwa fahari. Namsikia nikiwa chumbani. Sitoki kumsahihisha.